Chuo cha Alasiri

Juzi mvua ya ghafla ilinikutia mkeka nje. Nilikuwa nimeutandika uani kuanika mbaazi. Mbaazi nikaziwahi, mkeka nikausahau. Kesho yake nilipouinua ulikuwa umelowa mpaka kwenye mishono, nao ukanitupia usoni harufu ya ukindu uliolala na maji. Ni harufu ya kawaida kwa mtu yeyote anayeishi huku Msambweni. Lakini mimi ilinishika pale pale, mkeka mkononi, kwa sababu ndani yake nilisikia vitu ambavyo mkeka wangu haukuwa navyo: moshi wa udi, na miguu ya watoto wengi waliotoka kutembea mchangani. Nikajikuta nina miaka minane au tisa, nimekaa sakafuni katika mji nisioujua, goti langu limegusana na goti la msichana ninayetamani awe rafiki yangu, nami ninaogopa hata kupumua asije akasogea.

Mji huo ulikuwa Ukunda. Tulitoka Mbale, Uganda, mimi na mama, mwaka uliofuata kifo cha baba. Binamu yake mama alikuwa akifanya kazi katika hoteli moja ya Diani, akamtafutia nafasi ya kupiga pasi kwenye chumba cha dobi. Tulifika, akatupokea, akatupeleka kwenye chumba alichotupangia, na kabla hatujajua hata njia ya kwenda dukani akahamishiwa Malindi. Tukabaki wawili katika mji ambao hatukuwa na jina la mtu wa kumwita.

Watu wa rika langu waliokulia hapa hucheka nikiwaambia kwamba niliiona Ukunda kama nchi ya mbali kabisa. Wao wanaikumbuka kama kituo cha barabarani kilichonenepa. Mimi nilikuwa natoka penye mlima. Kule Mbale ukiinua macho unauona mlima, nao unakuambia uko wapi. Ukunda niliinua macho nikaona minazi na mbingu, na kila upande ukafanana na mwingine. Joto lilikuwa la kulala nalo kitanda kimoja. Asubuhi kima walitembea juu ya mabati kama wenye nyumba, na siku ya kwanza nilidhani ni watu waliokuja kututoa.

Kitu kilichonitisha zaidi ni lugha. Kwetu Kiswahili nilikijua kama lugha ya askari. Ndiyo waliyoitumia kwenye vizuizi vya barabarani, na watu wazima waliisema kwa nadra, wakitaka kumtisha mtu. Sasa nilikuwa nimeingia mji ambao kila mtu, hata mama anayeuza viazi karai, alisema lugha ya askari kutwa nzima. Mwenye nyumba wetu, Bi Mwanasha, mwanamke wa Kidigo mwenye sauti ya taratibu, aliponisemesha mara ya kwanza nilisimama wima, mikono ubavuni, nikingoja kuamrishwa. Aliniambia kwamba mtoto hapiti mbele ya mtu mzima kimya kama kuku, husema shikamoo. Nami nilijua maana ya kushika. Nikanyoosha mikono yote miwili nikingoja anipe hicho cha kushika. Bi Mwanasha akaniangalia, akaingia ndani, akatoka na mahamri mawili akaniwekea mkononi. Kwa siku kadhaa niliamini kwamba shikamoo ni njia ya kuomba chakula, na niliitumia kwa bidii.

Nyumba ya Bi Mwanasha ilikuwa ya vyumba vinavyotazamana, ukumbi mrefu katikati, na ua nyuma. Yeye alikaa chumba cha mbele na mjukuu wake, Mejumaa, aliyekuwa wa umri wangu. Nilimwona Mejumaa siku ile ile tuliyofika. Alikuwa amesimama mguu mmoja, ule mwingine ameukunja kama korongo, anakula embe bichi kwa chumvi na pilipili. Sikuwahi kumwona mtoto aliyejitosheleza namna ile. Nilimtaka awe wangu kabla sijajua jina lake.

Lakini nilikuwa na jambo lililonizuia, na hilo nililichuma mwenyewe kichwani. Mama akirudi kutoka kazini alinisimulia habari za hotelini, na habari zake zote zilikuwa za wageni. Wageni wamefika na mabegi makubwa. Wageni wa chumba fulani wameondoka, shuka zimefuliwa, kitanda kimetandikwa upya, na hakuna anayewakumbuka tena. Neno hilo, mgeni, lilikuwa miongoni mwa maneno yangu ya kwanza ya Kiswahili, na maana yake nilishaielewa: mgeni ni mtu anayeondoka. Sasa Bi Mwanasha, kila jirani alipouliza huyu mtoto ni wa nani, alinishika bega kwa upendo akajibu, "Huyu mgeni wangu." Moyo wangu ulishuka kila mara. Nilidhani anawaonya wasijisumbue na mimi. Nguo zangu sikuzitoa begini. Kila nilipovaa gauni na kulifua nililirudisha humo humo, nikafunga zipu. Mama, aliyekuwa akirudi amechoka mkono wa kulia hauinuki, hakugundua.

Kwa hiyo nilikuwa mtoto asiyetulia. Nilitembea kutoka mlango wa mbele hadi uani, kutoka uani hadi mlango wa mbele. Nilikaa kizingitini nikainuka. Nilianza kuchora mchangani nikafuta kwa mguu kabla sijamaliza. Shuleni haikuwa afadhali. Mwalimu wa darasa, aliyetoka bara, alisoma jina langu kwenye karatasi akaniita Kainza. Jina langu ni Khainza, na hiyo kha kwetu hutoka kooni, kama mtu anayepuliza kaa la moto. Nilimsahihisha, darasa likacheka sauti niliyoitoa, nami sikusahihisha tena. Wakati wa mapumziko watoto wengine waliniita Mganda, si kwa ubaya nadhani, ila walipogawana makundi ya kucheza kati, mchezo wa kumkwepesha mpira mtu aliye katikati, Mganda hakuwa na kundi lolote.

Kibaya kuliko vyote kilikuwa alasiri. Watoto wa ile nyumba na nyumba za jirani walirudi kutoka shule, wakala, wakaoga, wakavaa upya, wasichana mitandio na wavulana kofia, wakatoka pamoja kwa kelele kama ndege. Mama naye wakati huo yuko kazini, zamu yake ikianza adhuhuri na kumalizika jua limezama. Mtaa ulikuwa mtupu ghafla. Nilibaki mimi na kuku wa Bi Mwanasha. Siku moja nilijipa moyo nikamuuliza Mejumaa wanakwenda wapi. Akanijibu, bila hata kusimama, "Chuoni."

Neno hilo nililijua. Mwalimu shuleni alikuwa akituambia kwamba tukisoma kwa bidii siku moja tutafika chuo, mahali wanapotokea madaktari na wahandisi. Nilirudi nikakaa kizingitini kwa mshangao. Watoto hawa, tena na yule mdogo kabisa aliyekuwa bado anafutwa kamasi, walikuwa wanasoma shule asubuhi na chuo alasiri. Ndiyo maana hawakuwa na haja na mimi. Niliwaza hivyo siku nzima na nyingine, na badala ya kukata tamaa nikashikwa na hamu ya ajabu. Kama rafiki alikuwa chuoni, basi mimi pia nitakwenda chuoni.

Nilimwambia mama kwa lugha yetu, isipokuwa neno lenyewe, ambalo nililitaja kwa Kiswahili kwa sababu sikujua jingine. Kule hotelini walikuwa wakija vijana wa kujifunza kazi, mashati meupe, majina vifuani, na kila mtu aliwaita watu wa chuo. Mama alicheka kidogo. Akaniambia kwamba kama chuo kinapokea mtoto wa kimo changu basi niende, huenda nikarudi na kazi nimpokee yeye pasi. Alisema akivua viatu, na nadhani alishalisahau kabla hajavua cha pili. Mimi sikulisahau.

Kesho yake nilimwambia Bi Mwanasha nataka kwenda chuoni na Mejumaa. Alinitazama vizuri. Akaniuliza, "Mamako ameridhia?"

Nikamjibu kweli tupu: mama amesema niende. Bi Mwanasha akafurahi kwa namna ambayo sikuielewa, akaingia ndani akaniletea mtandio wa rangi ya maji ya bahari, akanifunga mwenyewe, akazirudisha nywele zangu ndani kwa kidole.

Chuo hicho, ambacho wengine hukiita madrasa, hakikuwa na ghorofa wala mashati meupe. Kilikuwa chumba kimoja cha mabati nyuma ya nyumba ya mwalimu, sakafu imetandikwa mikeka, ubao mdogo umeegemezwa ukutani, na kwenye kona chetezo cha udi kilichokuwa kinakata moshi wake wa mwisho. Watoto walikaa kwa safu, magoti kwa magoti. Mejumaa alivuta mguu wake akanipa nafasi pembeni yake, si kwa sababu ananipenda, ila ndipo palipokuwa wazi. Mwalimu, Ustadha Zuhura, alikuwa mwanamke kijana mwembamba mwenye miwani. Aliniuliza naitwa nani. Nilisema kwa sauti ndogo, tayari kuchekwa.

"Khainza," akasema.

Akalisema sawasawa. Ile kha ilitoka kooni mwake kama ya bibi yangu kule mlimani. Akageukia ubaoni akaandika herufi moja ya Kiarabu, kitumbo kilichopinda na nukta juu yake, akawaambia watoto kwamba jina la huyu mwenzenu linaanza na herufi hii, tena anaitamka vizuri kuliko nyinyi, msikilizeni. Akaniomba niseme tena. Nikasema, na darasa zima likarudia nyuma yangu: kha, khi, khu. Sijui kama nimewahi kupewa zawadi iliyozidi ile. Tangu tufike nchi hii ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniita mimi.

Nilikwenda siku zote baada ya hapo. Watu huniuliza leo, wakisikia habari hii, nilijifunza nini kule. Nilijifunza herufi, ndiyo, na mpaka leo nazijua. Lakini ukweli ni kwamba nilikwenda kwa ajili ya yale magoti. Nilikwenda kwa ajili ya sauti nyingi kuwa sauti moja nami nimo ndani yake. Na nilikwenda kwa ajili ya njia ya kurudi, kwa sababu watoto waliotoka pamoja hawawezi kukuacha pembeni wakianza kucheza. Tayari uko kati yao. Tulicheza kati kwa mpira wa mifuko mpaka adhana ya magharibi. Mejumaa alinifundisha kula embe bichi kwa pilipili. Nilimfundisha kuhesabu kwa Kigisu, lugha yetu, naye akahesabu mbele ya bibi yake kwa majivuno kana kwamba amevumbua yeye. Hata hivyo begi langu lilibaki limefungwa. Furaha ile niliila haraka haraka, kama mtu anayesikia gari lake linapiga honi.

Mama hakujua, na sikuwa nikimficha. Siku yake ya mapumziko ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa chuo hufungwa. Siku hiyo tulikwenda wote sokoni, jioni akanisuka. Mambo yangeweza kuendelea hivyo muda mrefu, lau si Maulidi kukaribia. Ustadha alituchagua wasichana wachache wa kuimba kaswida, na kwa kuwa sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko mwili wangu, akaniweka mbele. Bi Mwanasha akanunua kitambaa cheupe, akatushonea mimi na Mejumaa magauni yanayofanana. Ijumaa moja akamwita mama uani ili amwonyeshe.

Nakumbuka kamba ya kuanikia nguo ilikuwa kati yao. Bi Mwanasha aliliinua lile gauni akalilinganisha na mabega yangu, akasema kwa furaha, "Mama Khainza, mwanao ana sauti. Ustadha amempa kuongoza wenzake."

Mama alitabasamu kwanza, lile tabasamu lake la kutoelewa. Akaangalia gauni. Akaangalia mtandio wangu uliokuwa kambani, ambao siku zote alidhani ni wa Mejumaa. Akauliza Ustadha ni nani.

"Mwalimu wake wa chuoni. Si wewe uliyemruhusu?"

Kiswahili cha mama kilikuwa cha kuokotaokota hotelini, na siku ile alikitafuta neno moja moja. "Mimi nilisikia chuo. Nikafikiri ni shule ya kazi. Ya hoteli." Akavuta pumzi. "Huyu ni mtoto wa kanisa. Baba yake alizikwa na kanisa. Mimi nina huyu peke yake."

Bi Mwanasha alilishusha gauni taratibu. Alimwambia kwamba hakuna aliyemchukua mwanawe, kwamba mtoto alisema mama ameridhia, naye hakuwa na sababu ya kumkatalia mtoto anayetaka kusoma. Mama akajibu neno moja tu, akiligusa lile gauni kwa ncha ya kidole kama anagusa pasi kujua kama ni moto. Alisema, "Umemshonea nguo." Halafu akanishika mkono akaniingiza ndani.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alikaa kitandani akaniuliza, kwa lugha yetu, kama huko wananilazimisha, kama nimeambiwa niache kusali tuliyosali na baba. Nikamwambia hapana, tunasema herufi. Akaniuliza kwa nini basi nakwenda. Nikamwambia Mejumaa yuko huko. Alinitazama kama mtu aliyekuwa na swali jingine akalimeza.

Asubuhi iliyofuata Ustadha Zuhura alikuja mwenyewe. Hakuingia, alisimama mlangoni na miwani yake, akamwomba mama radhi. Alisema kosa ni lake, kwa sababu mtoto ambaye mama yake yuko mtaa huo huo ruhusa yake ilipaswa kutoka kinywani mwa mama yake. Mama alimshukuru kwa heshima kavu. Ustadha akaniaga kwa jina langu, akaenda zake. Nilidhani mambo yamekwisha hapo. Lakini kule kazini palikuwa na mwenzake mama, Mama Wambua, mtu wa Machakos, aliyekuwa akimpeleka kanisani. Alipoisikia habari hii aliona hatari kubwa kuliko mama alivyoiona mwenyewe. Alimwambia kuna chumba karibu na kwake huko Bongwe, ahame mapema kabla mtoto hajapotea. Mama akakubali.

Aliponiambia tunahama sikulia. Alianza kutafuta nguo zangu azifunge, akafungua begi, akakuta kila kitu kimo: magauni, soksi, sweta la Mbale ambalo Ukunda halikuwa na kazi. Akaniuliza nimefunga lini. Nikamwambia sikuwahi kufungua. Akauliza kwa nini, nami nikamweleza kwa utulivu, kama mtu anayemkumbusha jambo analolijua, kwamba sisi ni wageni, na wageni huondoka. Mama alikaa chini, begi mapajani. Alikaa hivyo mpaka kijana wa mkokoteni akapiga mluzi nje. Kisha akainuka tukahama.

Mejumaa alisimama ukumbini tukipita na vyombo. Bi Mwanasha hakutoka chumbani kwake, na mama hakubisha mlango kumuaga.

Bongwe si mbali na Ukunda, leo ni mwendo mfupi tu, lakini kwa mtoto ilikuwa nchi nyingine tena. Nyumba zilikuwa zimeachana, mihogo katikati. Watoto wa huko wengi walikuwa wa watu wa bara waliokuja kufanya kazi mahotelini, wakizungumza Sheng ya haraka nisiyoifahamu, na wangenipokea kama ningetaka, maana Jumapili kanisani walinisogelea. Nilikataa mimi. Sikuwa na nguvu ya kuanza upya. Nilizunguka chumba, nikatoka nje, nikazunguka nyumba, nikarudi. Wakati wa alasiri midomo yangu ilisema kha, khi, khu yenyewe. Mama alipokuwa karibu niliibana. Sikuwa nasali. Nilikuwa nasikiliza sauti za wenzangu kwa njia pekee iliyobaki.

Mama naye alibadilika, ila mtoto huona mabadiliko ya mzazi kama hali ya hewa, hayaulizii chanzo. Aliacha kunisimulia habari za hoteli. Akirudi alikaa kizingitini na sahani yake, akala akiangalia njia. Mama Wambua alikuwa mtu mwema, alitusaidia sana, lakini yeye na mama walikuwa wakionana kwa mambo: zamu, kodi, kanisa. Yakishakwisha kila mmoja alirudi kwake. Mimi nilidhani mama ameninunia. Haikunijia hata mara moja kwamba mtu mzima anaweza kuangalia njia kwa sababu ile ile niliyokuwa nikiiangalia mimi.

Jumapili moja baada ya ibada, zamu ya mama haijafika, tumekaa ndani kwa sababu ya jua, tulisikia tuktuk ikisimama, halafu sauti ya taratibu ikapiga hodi. Mama alinyanyuka nusu akabaki hivyo hivyo. Hodi ikapigwa tena. Mlangoni alikuwa Bi Mwanasha, amejitanda leso, ameshika sufuria iliyofungwa kwa kitambaa, na nyuma yake Mejumaa, amevaa viatu vya sikukuu. Mama akamwamkia, akasogeza kigoda. Nilimwona anatafuta macho yangu, kisha anahamishia macho yake kwa Mejumaa, uso umekaza. Bi Mwanasha naye aliona.

"Sikuja kwa ajili ya mtoto," akasema. "Mtoto ni wako, na dini yake ni yako kumpa. Nimekuja kwako wewe. Mtu aliyelala nyumbani kwangu akaondoka na uchungu bila kuniaga, mwanangu, mimi halinipiti hilo."

Bi Mwanasha akafungua sufuria kwenye mapaja yake. Alisema aliuliza watu huko kwetu tunakula nini, akaambiwa ndizi. Basi alizifuata Kombani sokoni, akazipika mwenyewe alfajiri. Mama akaleta sahani. Zilikuwa ndizi kweli, lakini alikuwa amezipika kwa nazi nzito, sukari na iliki, kama wanavyozipika hapa Pwani watu wakitaka kitu kitamu. Kwetu ndizi hupikwa kwa mvuke ndani ya majani yake, zikapondwa, zikaliwa na mchuzi wa karanga. Ndizi ya sukari hakuna mtu kwetu aliyewahi kuiota. Mama alitia kijiko kinywani. Akatafuna. Akaacha kutafuna.

"Si hivi?" Bi Mwanasha akauliza, kwa wasiwasi wa kweli.

"Si hivi, Bibi," mama akasema. "Si hivi hata kidogo."

Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaweka sahani chini, na katikati ya kicheko kitu kikamkatika, akawa analia. Sikuwa nimemwona akilia tangu mazishi ya baba, na hata siku ile alilia kwa adabu, mbele ya watu. Hiki kilikuwa kilio cha mtoto. Bi Mwanasha alisogeza kigoda chake mpaka magoti yao yakagusana, akamwacha alie. Mama alipopata sauti alisema kwa Kiswahili chake kile cha kuokota, na kila neno nililielewa. "Tangu tufike nchi hii hakuna mtu amekuja kuniona mimi. Wanakuja kwa kazi. Wanakuja kwa mtoto. Mimi hakuna."

Nilikuwa nimesimama karibu na ukuta. Nimekuwa mtu mzima, nimelea watoto wangu hapa hapa Pwani, nimehama nyumba na kuzika ndugu, na bado sijapata fundisho lililoniingia kama lile. Muda wote ule nilidhani ni mimi niliyeletwa katika mji usio na rafiki, na mama ndiye aliyenileta. Sikujua tulikuwa wawili.

Chuoni sikurudi tena, na hakuna aliyeniomba nirudi. Lile gauni langu jeupe Mejumaa alilivaa kwa zamu na lake, mpaka yote mawili yakambana. Hatukurudi kuishi Ukunda pia. Tulikaa Bongwe miaka mingi, na kanisa letu likabaki lile lile. Lakini Ijumaa ya mama ikawa ya Bi Mwanasha, na Jumapili ya Bi Mwanasha ikawa ya mama, na sisi watoto tukawa tunavutwa nyuma yao huku na huku. Urafiki wangu na Mejumaa, ambao unaendelea hadi leo, ulipata nafasi kwa sababu ule wao ulitangulia.

Siku ile, baada ya machozi kukauka, mama alinigeukia akatuambia mimi na Mejumaa tutoke, tukacheze nje, wao wana mazungumzo yao. Kwa miezi yote ile hakuna kitu nilichokitaka kuliko kuambiwa nikacheze na Mejumaa. Sasa nilisitasita. Mejumaa alinivuta mkono, tukazunguka nyumba, tukakaa chini ya dirisha, migongo ukutani, bila kucheza chochote. Ndani mama alikuwa anaeleza jinsi ya kuzifunga ndizi kwenye majani, na Bi Mwanasha anamwambia kwamba ndizi bila nazi ni adhabu, na mama anabisha, anakosa maneno, anayatafuta, anayapata. Halafu akacheka tena, safari hii kicheko kizima, cha kinywa wazi, kikatoka dirishani kikatupita juu ya vichwa.

Mejumaa aliinua uso kusikiliza. Akaniuliza kama mamangu hucheka hivyo siku zote.

Nikamwambia sijui, ndiyo kwanza na mimi ninamsikia.